Mama wa Milango Mitatu

Barua yenyewe ilikuwa na maneno sita ya Kiingereza. Mke wangu akayafasiri kwa neno moja la Kikatanga: "Muniache."

Ilikuwa saa kumi alfajiri, wiki moja baada ya Pasaka ya 2024. Hapa Mulungwishi ukitaka kusoma barua pepe bila kupoteza mega zako bure, unaamka kabla ya jogoo, wakati wenye simu wamelala na mtandao uko mwepesi. Nimekaa mezani, kofia ya sufu kichwani, chai mkononi. Barabarani malori ya shaba na kobalti yananguruma kutoka Kolwezi na Fungurume, yakielekea Likasi na mpaka wa Kasumbalesa. Mke wangu amesimama nyuma yangu na kitenge chake mabegani, anasoma juu ya bega langu, tabia ambayo miaka 34 ya ndoa haijaniwezesha kuikomesha.

"Nani huyu?" akauliza.

"Siyui. Anasema tumwondoe kwenye orodha."

"Basi mwondoe. Mtu akisema hataki, unangoja nini?"

Alikuwa na haki. Kama ningemsikiliza asubuhi ile kwa akili yake, na si kwa kompyuta yangu, kisa hiki kisingekuwepo. Lakini mimi nilikuwa mwalimu miaka mingi, na mwalimu mstaafu hawezi kufuta jina bila kwanza kulitafuta kwenye rejista.

Niseme sisi ni nani. Mke wangu ni mshonaji. Mimi nilifundisha historia. Tangu 2011 tunaendesha mfuko mdogo wa kulipia minervali, yaani ada ya shule, ya watoto ambao wazazi wao hawapo au hawana. Tangu Septemba 2019, shule ya msingi ya serikali ilipofanywa ya bure, tumeelekeza nguvu zetu kwenye sekondari, hasa kwa wasichana. Mfuko hauna ofisi wala mhuri wa maana. Una meza yetu ya kulia, una cherehani ya mke wangu, na una barua tatu kila mwaka: ya Pasaka, ya Septemba shule zinapofunguliwa, na ya Noeli. Wakati ule barua hizo zilikwenda kwenye anwani 211, Marekani nyingi, Ubelgiji kiasi, chache Ujerumani. Nasema anwani, sisemi watu, na shida yetu yote ilianzia hapo.

Kuandikia wafadhili si kazi mpya katika nchi hii. Mulungwishi ni kijiji cha misioni ya Kimethodisti. Chuo cha teolojia kipo tangu 1951, na leo ni chuo kikuu. Kabla ya chuo palikuwa na watembezi. John Springer na mkewe Helen walikata Afrika kutoka Rhodesia mpaka Angola mnamo 1907, sehemu kubwa kwa miguu, na 1909 Springer alichapisha Marekani kitabu juu ya moyo wa Afrika ya kati, ambacho kichwa chake kilitaja pamoja utajiri wa madini na nafasi ya misioni. Ukikitazama vizuri, kitabu kile kilikuwa barua ndefu ya kuomba. Tofauti ni kwamba msomaji wa 1909 aliyechoka na Springer alikuwa na njia rahisi: alikifunga kitabu. Hakuna aliyemfuata nyumbani na nakala ya pili kupitia mlango wa uani.

Basi nikatafuta anwani ya yule mama kwenye jedwali langu. Haikuwepo. Nikatafuta tena kwa herufi chache, kwa jina la ukoo, kwa kila namna. Jina la ukoo nililikuta mara tatu, maana ni jina ambalo kwa Wamarekani ni kama Ilunga kwetu: ukiliita sokoni wanageuka watu kumi. Lakini ile anwani, hapana. Nikaandika jibu la adabu ambalo hadi leo nikilikumbuka masikio yananiwaka moto: "Mama mpendwa katika Bwana, tumetafuta kwa makini na tumeona kuwa wewe humo katika orodha yetu. Mungu akubariki."

Nikaona nimemaliza. Nikaenda kulisha kuku.

Jibu lilikuja siku ya tatu, na safari hii halikuwa na maneno sita. Alisema amepata barua yetu mara mbili, siku moja, na sasa tunamwambia kuwa hajaipata. Aliuliza kama tunamwona mwongo. Mke wangu alisoma, akanitazama, akarudi kwenye cherehani yake. Kwa saa nzima nikasikia tu mguu wake ukikanyaga pedali. Wenye ndoa ya muda mrefu wanaijua sauti ile.

Jumamosi akaja mpwa wangu. Anasoma informatiki Likasi, na kila mwisho wa juma njaa inamkumbusha ukoo wake. Akala bukari na sombe na bitoyo, akanawa mikono, akaomba aione ile barua. Hakuchukua dakika tano.

"Tonton, huyu mama eko na mulango wa mbele na mulango wa nyuma. Weye unatafuta ule anatokeaka. Barua yako inaingiaka kwa mwengine."

Akanieleza. Yule mama alikuwa na anwani ya zamani, ya kazini. Alipostaafu hakuifunga, aliiagiza ipeleke kila kitu kwenye anwani yake mpya, kama mtu anayehama nyumba na kumwachia jirani neno: wakiniulizia, waleteni huku. Barua yetu iliingia kwenye anwani ya kazini, ikasukumwa hadi mpya, naye akaisoma pale. Alipojibu, jibu likatoka na jina la anwani mpya, ambayo sisi hatujawahi kuiona. Kumbe kila barua inabeba mgongoni mistari mirefu isiyoonekana, kama mihuri ya posta kwenye bahasha, inayosema imepita wapi na wapi. Mpwa wangu akaomba yule mama aturudishie barua yetu yote pamoja na mistari hiyo. Akaturudishia, namsifu kwa uvumilivu. Tukaiona anwani ya kazini. Tukaifuta. Nikamwandikia kwamba imekwisha.

Jioni ile tulizungumza sana barazani juu ya jambo hili la mtu mmoja kuwa wengi. Mke wangu hakuona ajabu. "Weye mwenyewe uko na namba tatu za simu," akasema, na ni kweli, kila mtandao na kadi yake, kama Wakongo wote wanaotaka kupatikana. Kwenye likelemba yake, kile chama cha wanawake cha kuchangiana pesa kwa zamu, yupo mwanamke anayedaiwa, na kila anapopigiwa kwenye namba moja, ndiyo hiyo iliyozimika.

Mimi nikamkumbuka baba yangu mdogo. Alibatizwa kwa jina la mtakatifu, nyumbani aliitwa jina la babu yake kwa Kisanga, na 1972, Mobutu alipoamuru tuache majina ya Kizungu, akaandikishwa jina la tatu. Kazini kwake, mahali nisipopataja, alistaafishwa kwa jina la ubatizo huku lile la 1972 likiendelea kuitwa kila asubuhi kwenye orodha ya zamu. Kwa miezi miwili alikuwa mstaafu na mtoro wa kazi kwa wakati mmoja. Alilipwa kwa moja na kukatwa kwa jingine, na alipokwenda kueleza, karani alimwomba amlete yule mwenzake.

Mpwa wangu alicheka hadi akapaliwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuwa tunacheka mambo yetu wenyewe ya miezi mitano ijayo.

Septemba ikafika. Nyumba yetu ilikuwa na orodha tatu. Ya kwanza jedwali langu. Ya pili kaye ya mke wangu, daftari lenye jalada la tembo, ambamo tangu mwanzo ameandika kwa kalamu kila mgeni, kila aliyetoa, alitoa nini na alikuwa na watoto wangapi. Ya tatu nakala ambayo mpwa wangu aliiweka kwenye kle yake ya USB mwaka mmoja kabla, kwa usalama, maana umeme wa hapa ukirudi kwa hasira unaweza kuondoka na kompyuta nzima. Akaja na wazo la kijana msomi: tuziunganishe zote tatu ziwe moja. Nikakubali. Mke wangu akatoa kaye yake kwa shingo upande, kama mtu anayeazimwa sufuria.

Tukaiandika kaye kwenye kompyuta, na mashine ikaunganisha. Ilipokuta jina kwenye kle na kwenye kaye, lakini halipo kwenye jedwali langu, ilifanya kile ambacho mashine yoyote mwaminifu ingefanya: iliona pengo, ikaliziba. Anwani ya kazini ya yule mama ikafufuka bila kelele. Barua ya Septemba ikaondoka. Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Safari hii hakuandika. Alibonyeza kitufe cha barua taka. Mpwa wangu ndiye aliyetambua, maana baadhi ya barua zetu zilianza kutumbukia kwenye pipa la taka la wafadhili ambao hawakuwa na ugomvi wowote nasi. Akanifanyia hesabu nyuma ya bahasha. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wameweka masharti kwa wanaotuma barua kwa wingi, Google ikitaja 5,000 kwa siku: lazima kuwe na kitufe cha kujitoa kwa mguso mmoja, aliyejitoa aondolewe ndani ya siku mbili, na wanaolalamika kuwa barua ni taka wasifike asilimia 0.3. Sisi wa anwani 211 si watumaji wa wingi. Lakini pua ya mashine inayonusa barua taka haibagui mkubwa na mdogo. Kwa hesabu yetu ya kienyeji, mtu mmoja katika 211 ni karibu asilimia 0.5. Mama mmoja mwenye hasira, na tayari tumewapita wauza dawa za kunenepesha.

"Na akibonyeza kwa kila mlango?" nikauliza.

"Hapo, Tonton, tunakuwa wezi."

Nikashikwa na ile hasira ya mtu anayejua kosa ni lake. Usiku, bila kumwambia yeyote, nikafungua jedwali, nikatafuta lile jina la ukoo, na kila mahali lilipojitokeza nikafuta. Matatu. Nikafunga. Nikajiambia: tuone sasa utapitia wapi.

Katika wale watatu alikuwamo mzee mmoja wa Indiana ambaye hana undugu wowote na yule mama, isipokuwa wote wawili ni akina Ilunga wa kwao. Mzee huyo alikuwa amelipia masomo ya msichana mmoja wa hapa miaka minne mfululizo, na msichana alikuwa ndiyo kwanza ameshinda mtihani wa taifa. Habari hiyo ilikuwa ndiyo kichwa cha barua ya Noeli, na karibu yote ilikuwa ya kumshukuru yeye. Barua ikaenda kwa watu wote duniani isipokuwa kwake. Aliisikia kanisani, kwa rafiki aliyempa pongezi. Akatuandikia mistari miwili: amefurahi kwa ajili ya mtoto, na je, amewakosea nini marafiki zake wa Mulungwishi?

Nilimsomea mke wangu. Hakukanyaga pedali. Alizima taa ya cherehani, akaniuliza taratibu, kwa Kiswahili safi anachokitumia kwa wageni na kwa hukumu: "Umefuta watu usiku?"

Nikakiri.

Tulikaa siku mbili tukiyarekebisha, mpwa, mke wangu na mimi, na siku mbili hizo nilijifunza zaidi kuliko katika miaka 13 ya kutuma barua. Kwanza, zile anwani 211 hazikuwa 211. Kwenye Gmail nukta iliyo katikati ya jina haihesabiwi. Anayejiandika kwa nukta na anayejiandika bila nukta ni mtu yuleyule na kisanduku ni kilekile, na sisi tulikuwa tunambishia hodi mara mbili mlango uleule. Wako wanaoongeza alama ya kujumlisha na neno lao wenyewe ili wajue nani aliuza anwani yao. Hao nao ni mlango mmoja uliopakwa rangi mbili. Kisha wako wa upande wa pili, watu wawili kwenye anwani moja, mume na mke, ambapo mmoja anataka barua na mwenzake hataki. Ray Tomlinson aliweka ile alama ya @ kati ya jina na mashine mnamo 1971, na nadhani alifikiri kila jina litakaa kwenye mashine yake kwa utulivu. Hakuwahi kuishi kwenye ukoo wa Kikongo.

Pili, kufuta si kuondoa. Hili lilinichukua muda. Mpwa wangu alilisema kwa Kifaransa, nikaligeuza kwa Kiswahili, na hapo ndipo lilipoingia: ili uache kumwandikia mtu, lazima umwandike. Ukimfuta unasahau kwamba alikataa, na atakayeunganisha orodha kesho atamrudisha kwa nia njema. Jina la aliyejitoa linatakiwa likae mahali pake, peke yake, na kila barua kabla ya kuondoka ipite hapo kuuliza. Mke wangu akasema jambo hilo linajulikana na kila mwenye duka la nyanya: mteja unayemdai humfuti kwenye kaye, unamweka ukurasa wa nyuma.

Akatoa kaye mpya, jalada jekundu, akaitundika kwenye msumari juu ya cherehani.

Tulikuwa bado tunajipongeza kwa ile kaye nyekundu wakati barua ya mwisho ya yule mama ilipofika, wiki ya pili ya Januari 2025. Barua ya Noeli ilikuwa imemfikia. Sikuelewa. Anwani ya kazini imefutwa mara mbili, jina la ukoo nimelifyeka, na bado imemfikia? Nikamwita mpwa kwa simu, nikafungua barua, nikaanza kusoma kwa sauti, nikifasiri kadiri ninavyokwenda.

Alisema ataeleza mara moja tu. Yeye na mumewe walikuja Mulungwishi 2012 na kundi la watu wa kujitolea. Katika kitabu cha wageni yeye aliandika anwani yake ya kazini. Mumewe, aliyeandika mstari wa chini yake, aliandika anwani ya nyumbani waliyoitumia wote wawili: herufi za kwanza za majina yao na mwaka wa ndoa yao, 1968. Mumewe alifariki mwezi wa kumi wa 2023. Barua zetu zote tangu hapo zimeingia kwenye anwani ile, ambayo yeye bado anaifungua kwa sababu bili za nyumba zinakuja huko, na zote zinaanza vilevile: Wapendwa Bwana na Bibi, tunawatakieni ninyi wawili afya njema. Hakuwa na neno na kazi yetu. Aliomba tu tuache kumsalimu mume wake.

Niliposoma mpaka hapo, mke wangu alikuwa ameshaishika kaye ya tembo. Akafungua 2012. Akaweka kidole.

"Njo ule mama," akasema. "Njo ule aliketi pale kwa mlango, akanisaidia kutwanga sombe. Bwana yake alipanda juu ya paa ya masomo pamoja na vijana, akajua neno moja tu, 'polepole'. Kutwa nzima, polepole, polepole."

Mimi nami nikamkumbuka. Nilikuwa nimeshikilia ngazi.

Mke wangu akahesabu kwa vidole: Noeli, Pasaka, Septemba, Noeli. "Tumemsalimu marehemu mara nne. Na mwenye kilio tumemwambia hayumo."

Ndipo nyumba ikagawanyika. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi kabisa: palipo na msiba mtu anakwenda. Hapa kwetu hakuna anayealikwa kwenye kilio. Unachukua mkeka, unga, makaa kidogo, unakwenda kukaa chini na wenzako, na usipokwenda utaulizwa mpaka unakufa. Tumechelewa miezi 15, akasema, na kila siku tunayoongeza ni aibu. Lazima tuandike pole leo hii.

Mpwa wangu, kwenye simu, alipinga kwa nguvu. Mtu amesema mara tatu asiandikiwe. Hata sheria ya Marekani ya 2003 juu ya barua za biashara inampa mtumaji siku 10 za kazi tu kumwacha aliyekataa, Ulaya ni kali zaidi tangu Mei 2018, na sisi wenyewe tuna Code du numérique ya Machi 2023 inayozungumzia haki za mtu juu ya habari zake. "Tante, hauwezi kumwandikia mutu barua ya kumwambia hautamwandikia."

"Miye siandikie mutu wa orodha," mke wangu akamjibu. "Ninaandikia mwenye kilio."

Wakanigeukia mimi. Ninapenda kusema kwamba niliamua kwa busara. Ukweli ni kwamba nilitoka kwenda kwenye banda la kuku na nikakaa huko muda mrefu kuliko kuku walivyohitaji. Mpwa alikuwa na haki: tulishamkosea mara kadhaa kwa kutosikia, na barua nyingine hata iwe ya machozi ilikuwa ni kubisha hodi tena. Mke wangu naye alikuwa na haki, na haki yake ilikuwa ya zamani zaidi. Niliporudi nilisema ninavyoona hadi leo: yeye ndiye aliyetuandikia safari hii, ametueleza habari za msiba, na anayeambiwa msiba anajibu. Kujibu mara moja, kwenye mlango uleule aliotokea, si kutuma barua ya mfuko. Baada ya hapo, kimya.

Mpwa akakubali kwa masharti: isiwe na picha ya watoto, isiwe na namba ya akaunti, isiwe na neno "mfuko" hata mara moja. Nilishangaa jinsi masharti hayo yalivyokuwa magumu kwangu. Mkono uliozoea kuomba, hata ukitoa pole, unabaki wazi.

Mke wangu akanena, mimi nikaandika kwa Kiingereza. Tulifuta mengi. Kilichobaki kilikuwa hivi: "Mama, hatukujua. Kwetu tungekuja na mikeka tukalale kwako. Paa alilolitengeneza halivuji. Hatutakuandikia tena, wala yeye." Nikataka kuongeza Mungu akubariki. Mke wangu akasema nililitumia vibaya mara ya kwanza, basi tuliache.

Hakujibu, wala hatukuwa tumemwomba ajibu.

Mzee wa Indiana nilimwandikia peke yake, ukurasa mzima, nikaeleza kila kitu pamoja na usiku ule wa kufuta. Alisema amecheka, na kwamba kanisani kwao nako kuna watu wanne wenye jina lake, na mara mbili ameshatangazwa kuwa amefiwa.

Februari nzima tuliipitia orodha, mtu kwa mtu, kaye ya tembo upande mmoja na mashine upande wa pili. Kila jina mke wangu alilitaja kwa sauti na kuuliza: huyu ni nani? Alitoa nini? Yuko hai? Tuliposhindwa kujibu swali la tatu tuliweka alama, na tukaulizia kwa rafiki zao, si kwao. Chini ya barua zetu sasa kuna mistari miwili, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, inayosema: ukitaka tuache, sema tu, kwa anwani yoyote uliyonayo, na kama una anwani nyingine ambako tunakufikia, tutajie zote, tutafunga zote. Anayejibu kutoka mahali tusipopajua hatumwambii tena kwamba hayumo. Tunamuuliza jina, na mke wangu anafungua kaye.

Kwenye ile nyekundu, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, zimeandikwa anwani tatu zilizofungwa kwa mabano moja, na pembeni mke wangu ameandika kwa kalamu yake mwenyewe: sombe, 2012.

Barua ya Pasaka ya 2025 ilikwenda kwenye anwani 168. Watu 168. Mke wangu amewahesabu mara mbili, kwa majina.